Meza ya Ijumaa: uchambuzi wa kisa cha poka ya nyumbani iliyogeuka uraibu

Anayebet kwenye kampuni huacha alama. Taarifa yake ya M-Pesa inaonyesha namba ileile ya paybill ikijirudia, na yeyote anayeisoma, awe mkewe au afisa wa mikopo, anaelewa mara moja. Anayecheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, nyumbani kwa rafiki haachi alama hiyo. Pesa zinatoka kwenda kwa rafiki yuleyule aliyelipiwa chakula cha mchana Jumanne na kurudishiwa nauli Jumatano. Ndiyo maana uraibu wa poka ya nyumbani huchelewa kuonekana, na mara nyingi wa mwisho kuuona ni mchezaji mwenyewe.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimeundwa kwa mambo yanayojirudia kwenye meza za aina hii jijini Nairobi, na viwango vya fedha vimewekwa ili hesabu ionekane wazi. Hakuna mtu mmoja halisi anayeelezwa.

Hali ilivyoanza

Ni wanaume sita wa miaka 28 hadi 35, waliosoma chuo kimoja au wanaofanya kazi pamoja. Wanakutana kila Ijumaa saa mbili usiku kwenye nyumba ya kupanga ya mmoja wao, South B. Mhusika ana miaka 31, ni afisa wa ugavi katika kampuni binafsi, mshahara unaomfikia mkononi ni shilingi 68,000, ana mke na mtoto mmoja. Hajawahi kubet mpira, na wanaobet anawaona ni watu wanaotupa pesa. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana: tangu mwanzo alijiweka nje ya kundi la wacheza kamari, na poka aliipokea kama mchezo wa akili, jirani ya chesi.

Mchezo wenyewe ni Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano zinafunuliwa mezani, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kuna raundi nne za kuweka dau, na anayebaki mwisho na mkusanyiko bora wa karata tano, za siri na za mezani kwa pamoja, huchukua fungu, yaani pesa zote zilizowekwa katikati. Watu wawili wanaomfuata mgawaji hulazimika kuweka dau kabla ya kuziona karata zao, na kwenye meza hii madau hayo ya lazima yalikuwa shilingi 5 na shilingi 10. Kila mmoja aliingia na shilingi 500, akapewa chipu, vile vibao vya mviringo vya plastiki: 20 nyeupe za shilingi 5, 8 nyekundu za 25 na 2 za buluu za 100. Meza nzima ilikuwa na shilingi 3,000. Aliyeishiwa alihamia kwenye kochi, akala, akatazama mpira. Saa tano usiku chipu zilihesabiwa na meza ikafungwa.

Kwa masharti hayo, hasara kubwa kabisa ya usiku mmoja ni shilingi 500. Hatuoni kosa lolote hapo. Meza ingebaki hivyo, huenda mhusika angekuwa anacheza hadi leo bila madhara.

Usiku wa kwanza aliingia na 500 akatoka na 1,900. Ushindi wa mapema ni kitu kinachojitokeza mara nyingi sana katika historia za watu waliokwama kwenye kamari, na kwenye poka una sumu ya ziada kwa sababu unakuja na maelezo. Aliyeshinda bahati nasibu anajua ni bahati. Aliyeshinda poka anaambiwa na wenzake, "Wewe unajua kusoma watu." Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani pamoja na zile 1,900.

Masharti yaliyolegea, moja baada ya jingine

Hakuna aliyekaa akaamua kugeuza meza kuwa kamari nzito. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri.

Kwanza, mwenzao mmoja aliishiwa saa tatu kasorobo na kukaa saa mbili bila la kufanya. Wakaona aruhusiwe kununua chipu tena mara moja. Baada ya wiki chache "mara moja" ikafa kimyakimya. Pili, noti za kutosha hazikuwepo, kwa hiyo manunuzi yakaanza kwenda kwa M-Pesa hadi kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeshika sanduku la chipu. Tatu, mtu akiwa na salio sifuri, Fuliza ilijaza pengo. Huduma hiyo ilianza Januari 2019, na kazi yake ni kukamilisha muamala ambao salio halitoshi. Mezani iliondoa kizuizi cha mwisho cha kawaida, yaani kuishiwa. Nne, Fuliza ilipofika kikomo, daftari la shule liliwekwa karibu na sahani ya njugu, na mtu akasema tu, "Niandikie elfu mbili."

Tano, madau. Mwezi wa nne madau ya lazima yalipanda hadi 10 na 20, na kiingilio kikawa 2,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kwa shilingi 500 watu wanafuata kila dau bila kufikiri, mchezo hauna maana. Hoja hiyo ni ya kweli kiufundi. Ila pia ni dalili: fedha ileile haitoshi tena kumpa mchezaji msisimko.

Badiliko la sita ndilo tunaloliona baya kuliko yote, na halikuandikwa popote. Saa ya kufunga ilipotea. Aliye chini hataki kuondoka kabla ya kurudisha, na aliye juu anaona haya kuondoka na pesa za marafiki. Akijaribu kusimama, anaambiwa anakula na kukimbia. Kasino inamwacha mshindi aende zake. Meza ya marafiki inamzuia kwa urafiki. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wanamaliza saa nane usiku, wakati mwingine saa kumi.

Mkono mmoja

Tuangalie mkono mmoja, yaani mchezo mmoja tangu karata kugawiwa hadi fungu kuchukuliwa, maana humo ndimo mtego unamoonekana. Mhusika ana esi mbili, karata bora kabisa za kuanzia. Mwenzake ana saba mbili. Kabla ya karata yoyote kufunuliwa, esi zinashinda takriban mara 80 kati ya 100. Wanapandishiana, karata nne za mezani zinafunuliwa bila saba yoyote, wanaweka zote. Imebaki karata moja. Kuna karata 44 zisizojulikana na zinazomwokoa mpinzani ni saba mbili tu zilizobaki, maana saba tatu hushinda esi mbili, kwa hiyo mhusika ana nafasi 42 kati ya 44, zaidi ya asilimia 95. Inafunuliwa saba ya pau.

Hakukosea popote. Na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu kichwani mwake zile shilingi 2,000 bado ni zake. Zimechukuliwa kwa dhuluma na zinapaswa kurudi usiku uleule. Ananunua chipu tena. Mchezaji makini hucheza mkono mmoja kati ya mitano na kutupa iliyobaki. Yeye sasa anacheza mitatu kati ya mitano.

Nusu saa baadaye ana karata nne za kopa, anasubiri ya tano ili awe na tano za aina moja, mkusanyiko wenye nguvu. Fungu la katikati ni 1,200, mpinzani anaweka 600. Ili apate 1,800 lazima alipe 600, yaani anahitaji angalau nafasi ya asilimia 25. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46, chini kidogo ya asilimia 20. Kulipa hapo, ikiwa hakuna dau zaidi atakalovuna baadaye, kunamgharimu wastani wa shilingi 130 kila mara. Hesabu hiyo aliijua. Mwezi wa tatu alikuwa akiwafundisha wenzake. Usiku huu analipa, kisha analipa tena mara tatu katika mikono mingine kama huo. Shilingi 500 na ushei zimeondoka bila bahati mbaya yoyote kuhusika, na asubuhi kitu pekee atakachosimulia ni ile saba ya pau.

Ujuzi upo, ila meza hii haiwezi kuupima

Wachezaji hukasirika poka ikiitwa kamari, nao wana sehemu ya haki. Baada ya mikono mingi sana, anayejua hushinda asiyejua. Swali ni ngapi.

Meza ya nyumbani hugawa takriban mikono 25 kwa saa, kwa sababu watu wanapiga stori, wanachanganya karata kwa mkono, wanabishana kuhusu fungu. Saa sita ni mikono 150. Ijumaa 40 kwa mwaka ni mikono 6,000. Mchezaji mzuri kwa kweli anaweza kupata wastani wa madau makubwa ya lazima 5 kwa kila mikono 100. Kwa dau la shilingi 20, hiyo ni shilingi 6,000 kwa mwaka mzima. Lakini mtikisiko wa bahati katika mchezo huu usio na kikomo cha dau huwa karibu madau 90 kwa kila mikono 100. Mtikisiko huo hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mikono, kwa hiyo ukiupeleka hadi mikono 6,000 unapata takriban madau 700, yaani shilingi 14,000 juu au chini. Bahati ni zaidi ya mara mbili ya ujuzi. Mchezaji mbovu, anayepoteza madau 5 kwa kila mikono 100, bado ana nafasi kama moja kati ya tatu ya kumaliza mwaka akiwa na faida. Ili ujuzi wa kiwango hicho ujitenge na bahati kwa uhakika wa kuridhisha, inahitajika mikono karibu 130,000. Kwa Ijumaa 40 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya miaka 21.

Mhusika alipoambiwa "unajua kusoma watu" baada ya usiku mmoja, hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kujua kama ni kweli. Wala mwaka ulipokwisha.

Upande wa pili wa hesabu, hakuandika chochote. Kwenye simu yake kulikuwa na maandishi ya ushindi: "Ijumaa +4,200", "Ijumaa +2,800". Siku za hasara hazikuandikwa. Aliamini yuko juu kwa kama shilingi 15,000. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6, inayopatikana kwenye programu ya M-Pesa yenyewe, ilipokuja kupitiwa mstari kwa mstari, kwenda kwa watu wa mezani kulikuwa na 214,000 na kurudi kutoka kwao 121,000. Hasara 93,000. Kazi ilichukua mchana mzima, kwa sababu kila jina lilikuwa na miamala ya nauli, nyama choma na michango ya harusi iliyochanganyika na ya karata.

Meza ya pili na simu

Mwezi wa saba alialikwa Kilimani, Jumatano. Huko mwenye nyumba huchukua asilimia 5 ya kila fungu, "ya chakula na taa". Inasikika kama kitu kidogo. Fungu la wastani likiwa 600, asilimia 5 ni 30. Kwa mikono 25 ni 750 kwa saa. Kwa saa sita ni 4,500. Watu saba waliingia na 14,000 kwa jumla. Karibu theluthi moja ya fedha za mwanzo imetoka mezani kabla ya kuuliza nani ni hodari. Ili mchezaji atoke sare lazima awazidi wenzake kwa kiasi cha kama 640 kila usiku. Meza ya aina hii si ya marafiki tena, hata kama pilau ni tamu.

Kisha ikaja simu. Kuna programu za poka zenye vilabu vya faragha: chipu za kwenye skrini hazina thamani rasmi, ila wakala anaziuza na kuzinunua kwa M-Pesa. Kila meza hutoa mikono 60 hadi 80 kwa saa. Akifungua meza mbili anaona mikono 140 pale ambapo South B angeona 25. Hasara iliyokuwa ikichukua Ijumaa nzima sasa inakamilika wakati mtoto anaogeshwa. Muamala kwa wakala nao unasomeka kama jina la mtu wa kawaida.

Madeni yalikwenda kwa mpangilio unaofahamika. Kwanza mkopo wa SACCO wa 150,000, "wa kiwanja", wadhamini wawili kati ya watatu wakiwa watu wa mezani. Makato yakapunguza mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na mwajiri alipokataa kuongeza makato mengine, mhusika alihamia mikopo ya simu, minne kwa wakati mmoja, huku mmoja ukilipa mwingine. Mke alijua siku mwenye nyumba wanayopanga alipompigia yeye kuhusu kodi ya miezi miwili.

Dalili zilizokuwa wazi

Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, ulihamishia uraibu wa kamari mwaka 2013 kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Una vigezo tisa. Vinne ndani ya miezi 12 vinatosha. Mhusika alikuwa navyo kabla ya simu ile ya mwenye nyumba: kuongeza dau ili msisimko uleule upatikane, kuwaza mchezo muda mwingi, kurudi kesho kutafuta zilizopotea jana, kucheza akiwa na msongo, kudanganya, kutegemea wengine wamwokoe kifedha. Sita kati ya tisa, yaani kiwango cha kati. Wenzake waliviona vyote. Ila kila kimoja mezani kina jina la heshima: kuongeza dau ni kukua kimchezo, kurudi kutafuta hasara ni roho ngumu, kukopeshwa ni ushikaji.

Kwa marafiki wanaotaka kuuliza bila kumhukumu mtu, yapo maswali mawili yanayotumika sana kuchuja: Umewahi kujisikia unahitaji kuweka pesa zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa moja linatosha kumfanya mtu aonane na mshauri.

Kilichofanyika, na kilichoharibika

Jaribio la kwanza lilikuwa la upendo na lilishindwa. Marafiki walifuta deni lake lote la daftari, 38,000, wakamwambia aendelee kuja "kukaa tu". Kufuta deni kulimrudishia nguvu ya kukopa. Kukaa tu karibu na sauti ya chipu, harufu ya chumba na wenzake walewale kulimrudisha mezani wiki ya pili. Tunasisitiza hili kwa sababu hurudiwa sana: kumwokoa mtu kwa mkupuo kunarefusha ugonjwa, na kichochezi hakizoeleki kwa kukikalia jirani.

Mpango wa pili ulikwenda hivi. Madeni yote yaliandikwa kwenye karatasi moja mke akiwepo, hata yale ya aibu. Malipo yakapangwa: kodi na chakula, ada, SACCO kwa sababu inagusa wadhamini, mikopo ya simu, mwisho daftari. Deni la daftari lilirudishwa, likagawanywa 2,000 kwa mwezi, miezi 19. Mshahara ukaelekezwa kwenye akaunti inayohitaji saini mbili, kwa makubaliano ya mwaka mmoja, naye akibaki na fedha ya nauli na chakula kila wiki. Fuliza ilifungwa baada ya kulipwa yote, maana haifungwi ikiwa na deni. Programu ya poka ilifutwa na namba ya wakala ikazuiwa.

Matibabu yenyewe ni ushauri nasaha wa kubadili fikra na tabia, kila wiki kwa miezi miwili hadi mitatu. Sehemu kubwa ni kuvunja imani kwamba hasara ni deni ambalo meza inadaiwa, na hapo hesabu ya mikono 130,000 inafaa sana, kwa sababu mchezaji wa poka huheshimu hesabu kuliko mawaidha. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa uraibu huu, ingawa naltrexone hutumiwa na baadhi ya madaktari. Lililo muhimu kupita yote ni kumuuliza moja kwa moja kama amewaza kujiua. Deni la siri linapofichuka, siku za kwanza ndizo za hatari. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu unapokea simu bila malipo kwenye 1199, na hospitali ya Mathari ina huduma za akili.

Pengo ambalo karibu lipitwe ni la marafiki. Kuacha poka kwake kulimaanisha kuwapoteza wote watano, na Ijumaa tupu ni mlango wa kurudi. Wawili walikubali kukutana naye Jumamosi asubuhi, mbali na karata, na hilo lilifanya kazi ambayo mshauri hawezi kuifanya.

Waliobaki South B walibadilisha meza. Noti tu, hakuna simu. Kiingilio 500, kununua tena mara moja na kabla ya saa tatu. Hakuna daftari. Saa tano kengele ya simu inalia na mkono unaochezwa ndio wa mwisho, aliye juu na aliye chini sawasawa. Mwisho wa kila robo mwaka, jumla ya kila mmoja, faida au hasara, husomwa kwa sauti mbele ya wote. Kupandisha dau kunahitaji kura za wote sita, na kiti cha mhusika kinahesabiwa kuwa kura ya hapana.